Uwepo wa Saa Tisa Usiku: Je, Akili Inaruhusu Kuuamini?

Swali

Msomaji mmoja ameuliza hivi: “Usiku wa pili mfululizo bila usingizi, nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha baba yangu aliyekuwa mahututi, mnamo saa tisa nilihisi kwamba kuna aliyesimama karibu na dirisha. Sikuona umbo wala sikusikia sauti, lakini nilijua kwamba yupo, na nilijua kwamba kila kitu ki salama. Hali hiyo ilidumu dakika chache. Kulipokucha nilimwambia dada yangu kwamba baba atapona. Baba alifariki siku tisa baadaye. Kaka yangu, ambaye ni daktari, anasema ubongo wa mtu aliyekesha hutunga mambo ya namna hiyo, na kwamba kuendelea kuyaamini ni kuikana akili. Je, tajiriba za kidini zinaweza kuhesabiwa kuwa zinapatana na akili, au ni lazima nichague kati ya akili yangu na yale yaliyonipata?”

Jibu

Pole sana kwa kufiwa na mzazi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kwa kuwa hukuomba kufarijiwa bali umeuliza kama ulilolipata lina ukweli, nitakujibu kwa kadiri ya ninavyofahamu, pamoja na sehemu ambazo huenda zisikupendeze wewe na nyingine ambazo huenda zisimpendeze kaka yako.

Tuanze na neno lenyewe. Tunaposema kwamba jambo fulani linapatana na akili, tunazungumzia hukumu aliyoitoa mtu: alichokiamini, sababu alizokuwa nazo, na namna anavyoishika imani hiyo anapoletewa hoja za kuipinga. Tajiriba yenyewe haiwekwi katika mizani hiyo. Mtu aliyeumwa na jino hawi na akili zaidi wala pungufu kwa sababu ya kuumwa. Maumivu yamempata tu. Vivyo hivyo, kuhisi kwamba kuna aliyesimama dirishani ni jambo lililokujia bila wewe kulichagua, na hakuna awezaye kukulaumu kwa ajili yake. Akili huanza kuulizwa unapotoka kwenye “nilihisi” na kwenda kwenye “yupo”, na huulizwa kwa ukali zaidi unapotoka kwenye “yupo” na kwenda kwenye “kwa hiyo baba atapona”. Hatua hizo watu wengi huziruka kwa mkupuo mmoja, kisha wakabishana kana kwamba ni moja.

Hatua ya mwisho niizungumzie mapema, kwa kuwa ndiyo inayokuumiza. Hakuna popote katika maelezo yako ambapo uwepo ule ulikuahidi kwamba baba atapona. Ulichokipokea ni kwamba kila kitu ki salama. “Atapona” ni tafsiri yako, tafsiri ambayo mtoto yeyote anayempenda baba yake angeifanya saa ile. Siku tisa zilizofuata ziliipima tafsiri hiyo, nayo ikashindwa. Nakuomba usijaribu kuiokoa sasa kwa kusema kwamba kupona kulikokusudiwa kulikuwa kwa roho, kwa sababu asubuhi ile, ulipokuwa ukizungumza na dada yako, hukumaanisha hivyo. Mtu anayebadilisha maana ya alichokiamini kila kinapokanushwa hawezi tena kusahihishwa na yeyote, na hapo kaka yako angekuwa na haki ya kulalamika. Kubali kwamba ulikosea. Lakini kukosea katika tafsiri si sawa na kutoona chochote: aliyeona moshi nyuma ya kilima akasema nyumba inaungua, kumbe ni majani yanayochomwa, amekosea kuhusu nyumba, ila moshi aliuona kweli.

Sasa tuje kwenye hatua ngumu zaidi, ile ya kutoka kwenye “nilihisi” na kufika kwenye “yupo”. Je, una haki gani ya kuichukua? Mwanafalsafa Mwingereza Richard Swinburne, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu kuwepo kwa Mungu, anasimama juu ya kanuni ambayo sisi sote tunaitumia tangu tunapoamka: jambo likimtokea mtu kana kwamba liko hivi, basi ni busara kwake kuamini kwamba liko hivyo, isipokuwa ipatikane sababu mahususi ya kulitilia shaka. Anayesikia hatua za mtu nje ya mlango hangoji uthibitisho kwamba masikio yake ni mazima ndipo aamini kwamba kuna mtu. Tukiikataa kanuni hii hatutapoteza dini peke yake. Tutapoteza meza iliyo mbele yetu na kumbukumbu za jana.

Mwanafalsafa Mmarekani William Alston aliisogeza hoja hii mbali zaidi mwaka 1991. Jaribu, anasema, kuthibitisha kwamba macho na masikio yetu yanatuambia kweli bila kuyatumia macho na masikio hayohayo katika kuthibitisha. Utasema kwamba utabiri wetu hutimia. Lakini ulijuaje kwamba umetimia kama si kwa kutazama? Utasema kwamba wenzako wanaona unachokiona. Lakini ulijuaje kama si kwa kuwasikia wakisema? Kila njia inakurudisha mahali ulipoanzia. Kwa hiyo imani yetu katika milango ya fahamu haisimami juu ya uthibitisho wa nje. Inasimama juu ya desturi iliyokwisha kujengeka, yenye njia zake za kugundua makosa na kuyarekebisha. Ikiwa ni halali kuitegemea desturi hiyo, Alston anauliza, kwa nini iwe haramu kuitegemea desturi ya watu wanaosali na kumng'amua Mungu, ambayo nayo ina njia zake za kuchuja ya kweli na ya uongo?

Mimi naiona hoja hii kuwa nzito, na sijaona aliyeibomoa. Naiona pia inachechemea mguu mmoja. Ukidai kwamba kuna mti uani, naweza kutoka nikautazame, na mtoto anaweza, na hata anayekuchukia anaweza. Ukidai kwamba kulikuwa na aliyesimama dirishani, baba yako alikuwemo chumbani humohumo na hatujui kama alimhisi. Tofauti hii haifanyi tajiriba yako kuwa ya uongo, maana hakuna sheria inayodai kwamba kila kilichopo kipatikane kwa kila mtu kwa wakati wowote anaoutaka, na huenda anayehusika si wa kuitwa na kujaribiwa kama mti. Lakini inaifanya kanuni ya Swinburne iwe rahisi zaidi kupinduliwa. Kwa hiyo swali linakuwa hili: je, sababu mahususi ya kutilia shaka ipo?

Kaka yako anasema ipo, na simwoni kuwa mtu wa mzaha. Shahidi mahakamani anaweza kushindwa kwa njia mbili. Moja ni kuletwa shahidi wa pili anayesema kinyume chake. Nyingine ni kuonyesha kwamba shahidi wa kwanza alikuwa amelewa, hata kama hakuna aliyempinga. Kaka yako hakuleta ushahidi kwamba dirishani hapakuwa na mtu. Ametumia njia ya pili. Kukesha siku mbili, hofu na majonzi ni hali ambazo kwa kweli huwafanya watu wahisi uwepo. Mwezi Mei 1916 Ernest Shackleton, Frank Worsley na Tom Crean walivuka milima na barafu ya kisiwa cha South Georgia kwa mwendo wa saa 36, wakiwa wamechoka kupita kiasi, na Shackleton aliandika baadaye kwamba mara nyingi alihisi wako wanne, si watatu. Yeye hakuwaambia wenzake. Wao ndio waliokuja kumwambia kwamba nao walihisi vivyo hivyo. Mwaka 2006 madaktari nchini Uswisi, walipokuwa wakimchunguza mwanamke kijana mwenye kifafa kabla ya upasuaji, waliusisimua kwa umeme upande wa kushoto wa ubongo wake, mahali panapokutana sehemu ya panja na ile ya juu yake, na papo hapo akahisi kuna mtu nyuma yake. Akikaa, mtu huyo naye alikaa. Akikumbatia magoti yake, alihisi mtu huyo naye amemkumbatia.

Tuutazame mfano huo wa mwisho kwa karibu, kwa sababu watu huutaja haraka na kupita. Kilichowafanya madaktari wale waseme kwamba kile kivuli, yaani mtu yule aliyehisiwa, kilikuwa mwili wa mgonjwa mwenyewe, ulioonekana kwake kana kwamba ni wa mtu mwingine, si kwamba umeme ulihusika. Ni kwamba kivuli kiliiga kila mkao wake. Umeme peke yake usingetosha kuthibitisha hilo. Mjini Montreal, daktari Wilder Penfield aliwahi kusisimua kwa umeme sehemu za ubongo wa wagonjwa wake, na baadhi yao wakasikia muziki; hakuna aliyehitimisha kwamba muziki haupo duniani. Kila tunachokijua, pamoja na hesabu ya kuzidisha na uso wa mama, hupitia katika ubongo. Kuonyesha njia ambayo jambo limepitia ndani ya kichwa si kuonyesha kwamba halikutoka nje ya kichwa, na kama Mungu yupo na anataka kumfikia binadamu, sijui ni kwa njia gani nyingine angepita isipokuwa katika mwili aliomuumbia.

Hata hivyo, usiishike hoja hiyo kama ngao ya kila kitu. Kaka yako akiwa makini atakujibu hivi: “Sisemi kwamba ubongo ulihusika, nasema kwamba kwa mtu aliyekesha siku mbili, hisia ile ingekuja awepo mtu dirishani au asiwepo.” Hilo ni jibu la haki. Hisia ambayo ingekuja kwa vyovyote vile haiwezi kutumika kama kipimo cha kupambanua. Hapa ndipo nakubaliana naye kwamba ushahidi wako umepungua nguvu. Umepungua, nasema, haukufa. Kiasi gani kimebaki kinategemea mambo mengine ambayo wewe na yeye mnayaamini kwa sababu nyingine kabisa: mtu mwenye sababu nzuri za kudhani kwamba Mungu yupo na huwajali wanaokufa atauona usiku ule kuwa unapatana na anayoyajua, na asiyekuwa nazo atauona kuwa ni usingizi uliokosekana. Wote wawili wanaweza kuwa wanatumia akili vizuri. Tajiriba moja ya dakika chache haiwezi kubeba dini nzima mgongoni, lakini inaweza kuwa tofali halali katika ukuta uliokwisha kuanza kujengwa.

Jambo moja zaidi kuhusu usingizi, kwa sababu wengi hudhani kwamba ni wanasayansi wa siku hizi waliolileta. Teresa wa Ávila, mtawa wa Kihispania ambaye yeye mwenyewe alijulikana kwa njozi zake, aliandika mwaka 1577 kuhusu watawa waliodhoofishwa na mifungo, mikesha na malipizi hata wakaingia katika hali ya kulegea wakidhani wametwaliwa na Mungu. Anamtaja mmoja aliyekaa hivyo saa nane, na anaeleza kwamba aliponywa kwa kulazwa, kulishwa na kupunguziwa ukali wa maisha. Aliyesema hayo hakuwa adui wa tajiriba za kidini. Alizijua kuliko wengi, na kwa sababu alizijua aliweza kutofautisha. Waraka wa kwanza wa Yohana nao unawaambia waumini wasiiamini kila roho, bali wazijaribu. Anayedhani kwamba kupima ni kukosa imani hajazisoma dini kwa undani.

Kwa maoni yangu hoja ya ubongo si ndiyo nzito kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele zaidi. Nzito zaidi ni hii: watu wenye akili timamu, waaminifu, waliolala vizuri, wamepata tajiriba ambazo haziafikiani. Mmoja amekutana na Mungu mwenye nafsi anayempenda. Mwingine, katika mafundisho ya Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu, ametambua kwamba nafsi yake na Uhalisi wa mwisho si viwili. Ramanuja, ndani ya Uhindu huohuo, akakana kwamba tofauti hiyo hufutika. Mbuddha katika kutafakari kwake hakuona nafsi ya kudumu wala muumba. Alston mwenyewe alikiri kwamba tofauti za dini ndizo tatizo gumu kuliko yote katika nadharia yake.

Wako waliojaribu kulitatua kwa kusema kwamba chini ya tofauti hizo kuna kiini kimoja, na kwamba dini hutofautiana katika kukieleza tu. Huo ulikuwa msimamo wa mwanafalsafa W. T. Stace mwaka 1960. Msomi Steven Katz akampinga mwaka 1978: hakuna tajiriba tupu isiyo na maneno na matarajio ya mwenyewe ndani yake; aliyefundishwa kumngoja Kristo hatakutana na Krishna, mungu wa Wahindu. Nadhani Katz ana haki kuhusu namna tajiriba zinavyoundwa, lakini anapita kiasi mtu akimsoma kana kwamba mafunzo ndiyo yanayotengeneza kila kitu, kwa maana historia imejaa watu waliokutana na kile ambacho hawakukitarajia. Mafunzo ya daktari humfanya aone uvunjikaji katika picha ya mfupa ambapo mimi naona ukungu. Mafunzo yamemfungua macho, hayakuuvunja mfupa.

Ninachokitoa katika mgongano huo ni kanuni ya kiasi. Kadiri hitimisho lako linavyokuwa na maelezo mengi, ndivyo linavyopingwa na tajiriba nyingi za wengine, na ndivyo unavyohitaji sababu nyingine za kulibeba. “Uhalisi hauishii katika ninachokishika kwa mikono” ni dai ambalo karibu wote hao wangeliafiki. “Aliyesimama dirishani alikuwa malaika fulani mwenye jina fulani” ni dai ambalo dakika zile chache, bila umbo wala sauti, haziwezi kulilipia.

Anayenisaidia zaidi kulifikiri jambo hili ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad, bingwa wa mantiki na sheria, na mwaka 1095 aliacha vyote akaenda kuifuata njia ya Masufii. Alikuwa amekwisha kupitia shaka kubwa: aliona kwamba macho huionyesha nyota kuwa ndogo kama sarafu, ilhali hesabu huonyesha kwamba ni kubwa kuliko dunia, na akajiuliza kama akili nayo haitakuja kukanushwa siku moja na mwamuzi aliye juu yake kama yenyewe ilivyoyakanusha macho. Anaeleza pia kwamba kuna tofauti kati ya kuijua fasili ya afya na kuwa na afya, kati ya kujua ulevi ni nini na kuwa umelewa. Waswahili wangemwelewa upesi, wao wasemao kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuna ujuzi unaopatikana kwa kuonja, na mwenye kuonja anajua kitu ambacho mwenye fasili peke yake hakijui.

Lakini Ghazali hakuishia hapo, na hili ndilo ninalotaka kaka yako alisikie. Akiwazungumzia wale waliosema, katika kilele cha hali zao, kwamba wameungana na Mungu, anasema kwamba ulevi ule ulipowatoka wakarudishwa chini ya utawala wa akili, ambayo kwake ni mizani ya Mungu katika ardhi, walitambua kwamba haukuwa muungano wa kweli bali hali inayofanana na muungano. Fikiri kidogo juu ya mpangilio huo. Tajiriba inatangulia, inazidi maneno, inamfunza mtu ambacho vitabu havikumfunza. Kisha mtu anarudi, na akili inaulizwa ni nini hasa kilichoonekana. Akili haikuiumba tajiriba, wala haina haki ya kuifuta kwa sababu tu haikuiumba. Hata hivyo ndiyo inayosema tajiriba imeonyesha nini na haikuonyesha nini. Chaguo unaloniuliza, kati ya akili yako na yaliyokupata, Ghazali asingelitambua.

Huenda umeambiwa uyapime mambo haya kwa matunda yake. Kipimo hicho ni cha zamani na ni kizuri, ila tukijue kinapima nini. Ikiwa tangu usiku ule umekuwa mpole zaidi na huogopi kifo kama zamani, hiyo ni dalili kwamba hukuchanganyikiwa, maana wazimu huwavunja watu. Haithibitishi kwamba kulikuwa na mtu dirishani, kwa sababu hata kosa linaweza kumtuliza mtu. Upande wa pili kipimo hicho kina makali kamili: tajiriba yoyote inayoamuru ubaya imejikataa yenyewe. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1798 kwamba Abrahamu alipaswa kuijibu ile sauti kuwa ana hakika kwamba hapaswi kumwua mwanawe, lakini hana hakika kama huyo anayesema ni Mungu. Katika uwepo wako hapakuwa na amri yoyote, na kwa hilo nimefarijika.

Basi, kwa hukumu yangu, unaweza kuamini kwa akili yako yote kwamba usiku ule ulihisi uwepo usioutunga kwa makusudi, na kwamba huenda hukuwa peke yako. Na ikiwa ulikuwa na sababu nyingine za kumwamini Mungu, unaweza kuuhesabu usiku ule miongoni mwake, kwa uzito mdogo kuliko ambao ungekuwa nao kama ungekuwa umelala. Huna msingi wa kudai kwamba uliahidiwa kupona kwa baba. Tena huna haki ya kumdai kaka yako aamini. Zaidi ya karne moja iliyopita, katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh na kuichapisha mwaka 1902, mwanafalsafa Mmarekani William James alisema kwamba hali hizi, zinapokuwa zimekomaa, huwa na mamlaka juu ya wale waliozipata, na wana haki ya kuwa nayo, lakini hazimfungi asiyezipata kuzikubali bila kuhoji. Sentensi hiyo inawabana nyote wawili: wewe usimlazimishe, naye asikuite mjinga.

Nakuomba ufanye jambo moja kabla kumbukumbu haijabadilika zaidi. Blaise Pascal, mwanahisabati, alipatwa na tajiriba kubwa usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, na karatasi aliyoiandika, iliyokutwa imeshonwa ndani ya vazi lake baada ya kufa kwake mwaka 1662, inatanguliza tarehe na saa: tangu yapata saa nne na nusu usiku hadi yapata saa sita na nusu. Andika nawe hivyo. Weka tarehe, saa, na muda uliokuwa umekaa bila kulala. Upande mmoja andika kile tu kilichokujia dakika zile, bila kukipamba. Upande wa pili andika ulichokiongeza kulipokucha, pamoja na neno “atapona”. Kisha mwonyeshe kaka yako karatasi hiyo, pande zote mbili.